Mgambo Bila Kuacha Kazi Yako: Mwongozo kwa Anayetaka Mafunzo ya Jeshi la Akiba

Vijana wanaopita hapa gereji wakisikia nimepitia mgambo huuliza swali moja: "Fundi, kule wanalipa ngapi?" Nikiwaambia mafunzo hayana mshahara, nusu yao huwasha pikipiki na kuondoka. Wanaobaki ndio ninaowaandikia.

Askari wa akiba ni raia mwenye shughuli zake. Hufundishwa uaskari, hurudi kwenye shughuli zake, kisha huitwa siku akihitajika. Mtaani tunasema mgambo. Kiofisi ni Jeshi la Akiba, chini ya JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Niliowaona wakikata tamaa hawakushindwa kukimbia wala kubeba gogo. Walishindwa kwa sababu nyumbani hakukuwa na unga na hakuna aliyekuwa amepanga unga huo utatoka wapi. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mambo ya riziki kuliko ya buti.

Hatua ya 1: Jua unaingia wapi

JWTZ ni ajira. JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, hukuchukua ukaishi kambini, ama kwa mujibu wa sheria ukimaliza kidato cha sita, ama kwa kujitolea. Mgambo unafundishwa wilayani kwako, mara nyingi ukitokea nyumbani na kurudi nyumbani. Sungusungu ni ulinzi wa jadi ulioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sheria ikautambua mwaka 1989. Ukivichanganya hivi mbele ya mkufunzi utachekwa siku ya kwanza.

Utaulizwa pia historia, basi beba hii. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi, jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa JWTZ. Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati ule, wa Februari 1971, uliotoka wiki chache tu baada ya Idi Amin kumpindua Rais Obote wa Uganda, ulisema ulinzi wa nchi ni kazi ya wananchi wenyewe na kwamba lazima wafundishwe. Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, maelfu ya mgambo waliungana na JWTZ, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kila mtaa wa zamani una mzee aliyekwenda vita ile akitokea shambani. Mtafute umsikilize, atakueleza mgambo ni nini kuliko nitakavyoweza mimi.

Ibara mbili za Katiba zinafaa kukaa kichwani. Ya 28 inasema kila raia ana wajibu wa kulinda uhuru, ardhi na umoja wa taifa. Ya 147 inakataza mtu, shirika au kikundi chochote isipokuwa Serikali kuunda jeshi la aina yoyote. Kwa maana hiyo, akija mtu na "mafunzo ya ukakamavu" ya chama, ya dhehebu au ya kampuni, na ndani yake kuna silaha, kimbia. Huo si mgambo.

Hatua ya 2: Pata tangazo mahali pake

Mwenye mafunzo haya wilayani ni Mshauri wa Jeshi la Akiba, afisa wa jeshi anayefanya kazi karibu na ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Watu wengi bado humwita Mshauri wa Mgambo. Tangazo hushuka kupitia kwa watendaji wa kata, vijiji na mitaa, hubandikwa ofisini, na husomwa kwenye mikutano ya hadhara. Kama hukuliona, nenda kwa mtendaji wa kata umuulize ni lini na ni uwanja gani. Usisubiri kusikia kijiweni, maana kijiwe husikia wakati wenzako wako wiki ya tatu.

Hapa ndipo matapeli hutega. Atakupigia mtu anayejiita afande fulani, aseme nafasi zimebaki chache, tuma pesa kwa simu akuwekee jina. Nafasi ya mgambo hainunuliwi. Kama kuna mchango wowote halali, utatajwa mbele ya watu wote na utaelezwa ni wa kitu gani. Na ukiahidiwa kwamba ukimaliza "unaunganishwa moja kwa moja" na ajira ya jeshi, umeshajua unaongea na nani.

Hatua ya 3: Nyaraka na gharama

Chukua barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji, kitambulisho cha taifa (cha NIDA) au walau namba yake, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule ulivyonavyo, na picha ndogo kadhaa. Uwe umetimiza miaka 18 na uwe raia. Umri wa juu na kiwango cha elimu hutajwa kwenye tangazo husika, soma la kwako. Utapimwa afya. Kama una pumu, kifafa, presha au goti lililowahi kuvunjika, sema mapema. Kuficha ugonjwa ili upite ni kujitafutia kuzimia mbele ya watu kwenye jua la saa saba.

Majina yako yafanane kila mahali. Kama NIDA wameandika Saidi na cheti cha shule kinasema Said, shughulikia sasa. Utanishukuru siku ya kuandikiwa cheti cha mgambo.

Kuhusu pesa, uliza swali moja la wazi kabla ya kuanza: sare, buti na chakula cha uwanjani ni juu ya nani? Maeneo hutofautiana. Kwetu tulijinunulia vitu vingi wenyewe, na waliokuja mikono mitupu waliazima viatu hadi miguu ikaota sugu za watu wawili.

Hatua ya 4: Panga riziki ya miezi minne

Mafunzo huchukua takribani miezi minne, pengine pungufu, pengine zaidi kidogo. Kwetu tulikuwa uwanjani kabla ya jua kuchomoza na kuachiwa mchana. Jioni ni yako, lakini usijidanganye: mwezi wa kwanza jioni utakuwa umelala.

Fanya hesabu ukiwa na kalamu. Andika kinachotoka nyumbani kwa mwezi: unga, mafuta, kodi, ada, dawa, marejesho ya kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa). Zidisha kwa nne. Halafu andika kinachoweza kuingia ukifanya kazi nusu siku tu. Pengo lililobaki ndilo unalotakiwa kulijaza kabla ya kuandikisha jina. Kama huwezi kulijaza mwaka huu, subiri mwakani. Nawajua watu wawili walioanza, wakaacha katikati kwa njaa, na mwaka uliofuata wakaona haya kurudi. Afadhali wangesubiri.

Dereva wa bodaboda ya mkataba, ongea na tajiri wako, mwenye pikipiki, kuhusu hesabu, yaani pesa unayompelekea. Ama mkubaliane hesabu ya nusu siku, ama umtafute deiwaka, dereva wa kukushikia, wa asubuhi, na yote yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari. Maneno ya mdomo huharibika wiki ya sita, tajiri anapoona pikipiki imesimama. Mkulima, angalia palizi na mavuno vinaangukia wapi. Bibi yangu alinisaidia kwa sharti kwamba Jumapili zote ni za shamba lake, na Jumapili hizo zilikuwa ngumu kuliko kwata, yaani mazoezi ya gwaride.

Mwenye duka au genge, mfundishe mtu bei na daftari la madeni mwezi mzima kabla. Mwenye kikoba, lipa mbele hisa za wiki kadhaa au omba usimamishwe kwa utaratibu. Ukikimbia marejesho utaitwa mtoro sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Aliyeajiriwa ana mtihani wake. Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28, haitoshi. Muombe mwajiri kwa maandishi ubadilishiwe zamu iwe ya jioni au usiku, au upewe likizo bila malipo, na upate jibu kwa maandishi pia. Usianze kutoroka kazini ukitegemea kwamba "nipo kwenye shughuli ya serikali". Mwajiri akikufukuza kwa utoro, uwanja wa kwata hautakulipia kodi.

Na mwenzako wa nyumbani ajue. Siyo aambiwe, ajue: aone ile karatasi ya hesabu. Nimeona ndoa ikitikisika kwa sababu mume alidhani uzalendo unaeleweka wenyewe.

Hatua ya 5: Mwili na miguu

Anza wiki sita kabla. Kimbia polepole mara tatu kwa wiki, uanze na dakika 15 na upande hadi 45 bila kusimama. Ongeza pushapu na kuchuchumaa. Haitakiwi kasi ya mashindano. Mchakamchaka unaimbwa huku unakimbiwa, na kama pumzi haikuruhusu kuitikia wimbo, bado hujawa tayari.

Buti mpya usilivae kwa mara ya kwanza siku ya kuripoti. Livae nyumbani wiki mbili, na soksi nene. Lengelenge likitokea usilipasue kwa mwiba. Lifunike, uoshe mguu jioni, ukaushe hata katikati ya vidole. Kunywa maji kabla ya kusikia kiu na kula kitu usiku, maana asubuhi hakuna muda. Ukikojoa rangi ya chai ya rangi, mwili umekauka, mwambie mkufunzi.

Dada zetu wako wengi uwanjani, na hukimbia njia ileile. Ulizeni mapema kuhusu choo na mahali pa kubadilishia nguo, mwende na mwenzenu wa mtaa mmoja kama inawezekana, na mkufunzi yeyote anayeomba "mkutane pembeni" apelekwe jina lake kwa Mshauri, na Mshauri asiposikia, kwa Mkuu wa Wilaya. Hiyo si sehemu ya mafunzo.

Hatua ya 6: Uwanjani

Kila mkufunzi ni afande. Ukiitwa, unakimbia. Ukiulizwa, unajibu kwa sauti: "Ndiyo afande", "Hapana afande", "Sijui afande". Jibu la tatu halina aibu. Kinachokuponza ni kutunga. Wiki za mwanzo ni kwata: mguu sawa, mguu pande, kulia geuka, nyuma geuka, mbele tembea. Utajiona unapotezewa muda. Mimi nilijiona hivyo, mpaka siku tulipozima moto wa shamba usiku, watu arobaini kwenye moshi, amri moja ikatolewa na wote tukageuka upande mmoja bila kuuliza. Kumbe ndiyo kazi yake.

Adhabu ni ya wote. Mmoja akichelewa, kikosi kizima kinaruka kichura. Usimchukie aliyechelewa, kesho ni wewe. Tengenezeni kundi la watu watano wa mtaa mmoja wanaoamshana kwa simu. Kundi letu la wanaoamshana lilimaliza lote, wakati mistari ya wengine ilipungua hadi siku ya kiapo gwaride likawa fupi kuliko tulivyoanza.

Masomo mengine ni usomaji ramani, ujanja wa porini, mbinu za kivita, huduma ya kwanza, silaha ndogondogo na sheria. Ramani huwaangusha wengi bila sababu. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1 ardhini, basi. Katika kusoma namba za gridi unaanza kwa kutambaa kwenda kulia, ndipo unapanda juu. Sisi tulikariri "tambaa kabla ya kupanda", na hadi leo sijakosea.

Kwa silaha, shika mambo haya hata ukisahau mengine yote. Kila bunduki ina risasi mpaka uhakikishe kwa macho yako. Mtutu hauelekei mtu, hata kwa mzaha, hata ikiwa tupu. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka amri. Na ukiwa kwenye shabaha, silaha ikigoma, usigeuke nayo kumwonyesha afande. Baki umelala, mtutu mbele, inua mkono. Watu hugeuka. Ndiyo maana wakufunzi wa shabaha wana sauti kali kuliko wote.

Huduma ya kwanza isikilize kama fundi anavyosikiliza injini. Nimewahi kuitumia barabarani mara nyingi kuliko vyote nilivyofundishwa: jeraha linalovuja damu unalikandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia kila dakika kuchungulia.

Hatua ya 7: Kiapo na cheti

Siku ya kufunga, mgeni rasmi mara nyingi ni Mkuu wa Wilaya. Kuna gwaride, maonyesho na kiapo. Ndugu zako waje, mpige picha. Ukipewa cheti, kabla hujaondoka uwanjani soma jina, tarehe na muhuri. Kosa lililorekebishwa siku ileile ni la dakika tano. Baada ya miezi mitatu, lina nauli na barua. Toa nakala, zihifadhi sehemu mbili tofauti.

Hatua ya 8: Ukiitwa kazini

Utaitwa kwenye doria, maafa, moto, mafuriko, kumtafuta mtoto aliyepotea, au kusaidia shughuli za kata na halmashauri. Mara nyingine kuna posho, mara nyingine kuna ahsante. Uliza kabla, kwa heshima: "Afande, kazi ni ya saa ngapi, na chakula kikoje?" Hilo si kosa la nidhamu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo jina la mgambo limechafuka. Sheria ya mwaka 1975 inampa askari wa mgambo uwezo wa kukamata na kupekua kama wa konstebo wa polisi. Uwezo huo una mipaka ileile ya konstebo. Unamwambia mtu kosa analokamatiwa. Unatumia nguvu inayotosha kumzuia, basi. Akishatulia, kofi linalofuata ni kosa lako wewe. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Mali uliyochukua inaandikwa, mbele yake na mbele ya shahidi. Na mtuhumiwa anapelekwa kituo cha polisi bila kupitishwa kwenye nyumba ya mtu, stoo wala baa. Anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama inawezekana, kwa hiyo kila saa unayozunguka naye unawapunguzia polisi muda wao.

Mama ntilie aliyepanga sufuria barabarani si adui wa taifa. Nimeshuhudia sinia la maandazi likimwagwa mchangani na vijana waliokuwa mafunzoni pamoja nami, na sikusema kitu, na bado linanikera. Ukipewa amri ya kuondoa watu, uliza nani ametoa amri, imeandikwa wapi, na vitu vinakwenda wapi. Pesa usipokee hata mia. Anayelipa ushuru au faini hupewa stakabadhi na mwenye mamlaka ya kukusanya. Wewe si mashine ya risiti. Ukitumwa kupiga, nenda kwa Mshauri uripoti. Mbele ya hakimu, "nilitumwa" haitakusimamia.

Sare huvaliwa kazini. Usiende nayo disko, usimwazime mdogo wako apigie picha. Mwezi Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi yanayofanana na sare za jeshi wayasalimishe, kwa hiyo vazi la mabakamabaka ulilonunua mtumbani nalo liangalie upya.

Hatua ya 9: Cheti na ajira ya ulinzi

Cheti cha mgambo hufungua mlango mmoja kwa uhakika kuliko mingine: ulinzi. Kampuni nyingi, ikiwemo SUMAJKT Guard, kampuni ya ulinzi ya JKT, hutafuta watu waliopita JKT au mgambo. Utatakiwa kuwa na wadhamini, barua ya mtaa na mara nyingi alama za vidole kutoka polisi. Kabla ya kusaini, soma saa za kazi. Sheria ya ajira inaweka saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Zinazozidi ni ziada inayolipwa mara moja na nusu, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 juu ya mshahara wa msingi. Lindo la saa 12 kila usiku, siku 7, kwa mshahara wa kawaida, si mkataba huo. Uliza pia namba yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na baada ya miezi miwili nenda ukahakikishe kwamba michango inaingia.

Mimi sikwenda kwenye ulinzi. Nilirudi kwenye spana zangu, na naitwa mara chache kwa mwaka. Simu ikiita usiku nafunga gereji, namwachia kijana funguo na daftari.

Ukihama wilaya, nenda kwa Mshauri wa kule ukiwa na nakala ya cheti na barua ya mtaa mpya, jina lako liingie kwenye orodha yao. Mwachie namba ya simu inayopatikana, na ukibadilisha laini, rudi umpe mpya.